Tairi pana la nyuma kwenye Boxer: linaingia kweli au linalazimishwa?

#1 Nyundo Kumi
Wakuu salaam. Nina pikipiki ya Boxer 150 ya ringi za spoku. Natokea Ifakara kwenda vijiji vya njia ya Mlimba, siku za kawaida abiria, msimu wa mavuno magunia ya mpunga. Nyuma nina 3.00-17 (upana inchi 3, ringi ya inchi 17), mbele 2.75-17. La nyuma limekuwa kipara na sitaki kurudia lilelile, nataka 110/90-17, lenye upana wa milimita 110.

Kijiweni kwetu wawili wameshafunga. Mmoja anasema pikipiki imetulia kuliko mwanzo. Mwingine anasema tangu afunge, akifika 60 inatikisa mkia mpaka abiria anamshika mabega. Mafundi nao wamegawanyika: mmoja kasema linaingia bila kugusa kitu, na hata 120/80 ingeingia. Mwingine kasema bila kubadili ringi na swingamu (mikono inayoshika gurudumu la nyuma) nisijisumbue.

Msimamo wangu ni huu: tairi pana linashika tope na linabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo hata likiwa na usumbufu mdogo bado lina faida. Anayepinga aje na sababu.

#2 Mgosi Handeni
Linaingia. Fungua kava ya cheni, kata ile kona ya ndani inayoelekea kwenye tairi, vuta gurudumu nyuma kidogo, kaza. Mimi natembea nalo Handeni hadi Kilindi, masika na kiangazi, na sijaanguka.

#3 Fundi Spoku
Mgosi, usimkatishe mwenzako kava kabla hatujajua ringi yake. Nyundo, futa vumbi kwenye chuma cha ringi karibu na valvu. Utakuta pamegongwa maandishi kama 1.60x17 au 1.85x17. Namba ya kwanza ni upana wa ringi kwa inchi, pale ndani tairi linapokalia. Ilete hapa. Watu wanakariri namba za tairi, ya ringi hawaijui.

#4 Nyundo Kumi
Nimeangalia fundi. Ni 1.85x17.

#5 Fundi Spoku
Basi sikiliza. Juu ya 1.85, tairi la 3.00 limekaa mahali pake hasa. 90/90 na 3.50 zinaruhusiwa, ila 1.85 ndiyo ringi nyembamba kuliko zote zinazozikubali. Kuanzia 100/90 unatakiwa uwe na 2.15. Hiyo 110/90 unayoitaka inakubali 2.15 hadi 3.00, na watengenezaji wanaipima ikiwa juu ya 2.50. 120/80 uliyoambiwa inaanzia 2.50. Huyo fundi hakupima kitu, amekuangalia usoni akaona una hamu.

Ukilazimisha 110 juu ya 1.85, kuta za pembeni zinabanwa kama mdomo wa gunia uliofungwa kamba. Mgongo wa tairi unapanda na kuwa duara kali, linakanyaga katikati tu. Baada ya muda utaona katikati limeisha na pembeni vile vinyweleo vya kiwandani bado vipo. Na upana uliolipia huupati wote, maana kila nusu inchi unayopunguza kwenye ringi, tairi linapungua upana kama milimita 5. Umelipa 110, unatembelea 104 hivi.

#6 MwlFizikia
Naongezea, kwa sababu wengi wanatazama upana tu na kimo wanakisahau.

Ringi ya 17 ina kipenyo cha milimita 431.8. Tairi la 3.00 kimo chake kinakaribia upana wake, milimita 76, kwa hiyo kipenyo chote ni kama 584. 110/90 maana yake kimo ni asilimia 90 ya 110, yaani 99, na kipenyo kinafika 630. Tofauti ni milimita 46. Ekseli ya nyuma inapanda milimita 23.

Gurudumu la 3.00 likizunguka mara moja unasogea mita 1.83. La 110/90 unasogea 1.98. Ni karibu asilimia 8 zaidi kwa mzunguko uleule, yaani umerefusha gia zote bila kufungua injini. Kwenye tambarare utafurahi. Kwenye mlima ukiwa na magunia utashusha gia mapema kuliko ulivyozoea, na klachi itateswa kila unapoondoka. Mwenye spoketi ya mbele ya meno 15 akiweka 14 anarudisha kama asilimia 7.

Halafu angalieni hii: 120/80 ni pana kuliko 110/90 lakini ni fupi kidogo, 624.

#7 Kaka Mbezi
Mwalimu umesahau spidomita. Itadanganya kwa hiyohiyo asilimia 8. Ukisoma 60 unakwenda 65, na kilomita za kubadilishia oili nazo zitakuwa za uongo.

#8 DadaWaBoxer
Kaka Mbezi, hapana. Kwenye Boxer waya wa spidomita unatoka habu (kitovu cha gurudumu) ya MBELE. Nyuma funga hata la trekta, mshale hautajua. Ungebadilisha la mbele ndipo ungedanganywa. Inama uangalie ya kwako, utaona waya unavyoshuka kwenye uma wa mbele.

#9 Kaka Mbezi
Asante dada. Nilikuwa nawaza zile zinazosoma kwenye giaboksi. Basi hata hesabu ya mafuta kwa kilomita inabaki ya kweli.

#10 Mgosi Handeni
Kuhusu mafuta: kwangu kwenye lami yalipungua kidogo, kupanda milima ya Kilindi yakaongezeka. Mwalimu amenieleza sababu. Ila mimi nasisitiza kwamba yangu haitikisi mkia. Mnasema tairi linabanwa, mbona langu limetulia?

#11 Fundi Spoku
Ringi yako imeandikwa ngapi?

#12 Mgosi Handeni
Yangu ya aloi, niliinunua ikiwa imetumika. 2.15.

#13 Fundi Spoku
Mgosi! Umemwambia mwenzako akate kava, ringi ya 2.15 umeiweka uvunguni! Wewe uko ndani ya kipimo, kwenye kikomo cha chini lakini ndani. Yeye yuko nje kabisa. Msilinganishe.

#14 JaNandi
Habari za TZ. Huku Kapsabet kazi yetu ni maziwa. Jirani yangu alifungia nduthi yake 110/90 na shida ya kwanza haikutokea barabarani, ilitokea kwenye kupaki. Nyuma ikishapanda, stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala sana upande wa kushoto. Akiegesha na mitungi imejaa, inaanguka. Stendi kubwa nayo, zamani gurudumu la nyuma lilikuwa linabaki hewani, sasa likawa linagusa chini. Ilibidi apeleke kwa mchomeleaji aongezewe miguu ya stendi. Mwalimu amesema milimita 23, mimi nawaambia milimita 23 ni nyingi sana ukiwa na lita za watu begani.

#15 DadaWaBoxer
JaNandi umegusa kitu. Na abiria je? Mimi wateja wangu wengi ni akina mama wanakwenda kliniki. Mama mjamzito, au bibi mwenye magoti mabovu, kiti kikipanda hata kidogo anahangaika kupanda. Wanaume wakikaa kijiweni wanazungumzia pikipiki itakavyoonekana, anayepanda nyuma hayumo kwenye mazungumzo.

#16 Nyundo Kumi
Nashukuru wote. Ila yule jamaa yetu anayetikisa mkia, ringi yake ni 1.85 kama yangu, na yule wa kwanza aliyetulia naye ni 1.85. Nimewauliza wote wawili leo. Sasa kama kosa ni ringi nyembamba, kwa nini mmoja anatikisika na mwingine hapana?

#17 Fundi Spoku
Aliyetulia anakwenda kasi gani na anapakia nini? Tairi lililobanwa kuta zake zinacheza kushoto kulia mzigo ukizidi. Mtu mwembamba anayekwenda 40 hataona kitu. Mpe magunia mawili afike 60 kisha arudi atusimulie.

#18 Mzee wa DT
Vijana shikamooni kwa wanaostahili, na marahaba kwa wengine. Mimi nilikuwa afisa ugani, nimeendesha Yamaha DT125 kwenye mabonde kabla hamjajua bodaboda. Ile ilikuja na 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma kutoka kiwandani, na ilikuwa haitikisiki. Kwa hiyo nyembamba mbele na pana nyuma peke yake siyo ugonjwa. Swingamu yake ilipimwa kwa tairi hilo, na cheni yake ikapitishwa kwa tairi hilo.

Kwa huyu anayetikisika mimi nashuku kitu kingine. Tairi pana likigusa cheni au kava, mafundi wengi wanafanya moja kati ya mawili: wanaweka washa upande mmoja ili gurudumu lisogee, au wanalegeza spoku upande mmoja na kukaza mwingine ili ringi ihame. Vyote viwili vinalitoa gurudumu la nyuma kwenye mstari wa gurudumu la mbele. Pikipiki inakwenda na mwili umekaa upande, kama kaa. Apime kwa uzi: funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele, atazame kama la mbele liko katikati ya nyuzi hizo mbili.

#19 MwlFizikia
Mzee wa DT shikamoo. Naheshimu hoja yako lakini nina ya tatu. Nyuma ikipanda milimita 23 kwenye pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli na ekseli, mwili mzima unainama mbele kama digrii moja. Uma wa mbele unasimama wima zaidi. Usukani unakuwa mwepesi, unaitika haraka, na ule utulivu wa kujirudisha wenyewe katikati unapungua. Kwa pikipiki iliyosanifiwa kwa mwendo wa wastani, digrii moja inasikika mikononi. Hapo hata ringi ikiwa sawa na mstari ukiwa sawa, mtu anaweza kuhisi mkia unacheza kumbe anayecheza ni uma wa mbele.

#20 Mzee wa DT
Marahaba mwalimu. Lakini ukimpakia magunia mawili nyuma, shokapu zinazama zaidi ya hizo 23 zako. Pikipiki inakaa na pua juu. Hesabu yako inafaa kwa mtu asiyebeba kitu.

#21 MwlFizikia
Hilo nakubali kwa mzigo. Ila huyo jamaa anasema mkia unatikisika akiwa na abiria mmoja.

#22 JaNandi
Makanika wangu angewauliza nyote swali moja: mmeshika gurudumu la nyuma mkalisukuma kushoto na kulia? Busha za swingamu, yaani vile vipete vya kwenye maungio yake, zikiisha, tairi jembamba linavumilia. Ukifunga zito na pana, ule ulegevu uliokuwepo siku zote unajitokeza. Watu wanalaumu tairi, kumbe lilichofanya ni kufichua busha zilizokwisha. Na beringi za habu pia.

#23 Mgosi Handeni
Na mimi naleta la tano. Tyubu. Walimfungia tyubu gani? Mara nyingi mziba pancha anachukua tyubu ileile ya 2.75/3.00-17 anaishindilia ndani ya 110/90. Inanyooka, inakuwa nyembamba, na haikai sawasawa pande zote. Ikipata joto inapasuka, haitoboki taratibu. Nyundo, ukifunga lolote, tyubu iwe na namba ya tairi lako. Hilo halina ubishi.

#24 Fundi Spoku
Hapo Mgosi umesema kweli tupu. Na huyo jamaa wa kijiweni anayetikisa mkia atazame valvu. Ikiwa imeinama, haijasimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, tairi linateleza juu ya ringi na kuvuta tyubu. Hiyo ni dalili ya upepo mdogo, au tairi lisilokaa vizuri kwenye ringi. Asisubiri.

#25 Nyundo Kumi
Nitampelekea yote hayo. Turudi kwenye tope, maana ndilo linalonisumbua. Udongo wetu wa mbugani ni mweusi, ukinyesha unanata. Tairi pana si ndilo linashika?

#26 Pwani Tele
Kwa mchanga nakuunga mkono. Mimi niko Kigamboni, zile njia za ndani za kuelekea fukwe tairi jembamba linazama unabaki unasukuma. Pana linaelea. Ila siri ni upepo: unapunguza kidogo ukiingia mchangani, unajaza ukirudi kwenye lami.

#27 Mzee wa DT
Mchanga na udongo wa mbuga ni maadui wawili tofauti. Kwenye mchanga unataka kuelea kwa sababu chini hakuna mwisho. Kwenye tope la juu ya ardhi ngumu unataka tairi likate lishuke hadi kwenye ugumu. Jembamba lenye meno marefu linakata. Pana linapanda juu ya ule ute na kuteleza. Hiyo ndiyo sababu magari ya zamani ya vijijini yalikuwa na matairi membamba marefu.

#28 Pwani Tele
Mzee, na tope lisilo na ugumu chini? Bonde la Kilombero kuna mahali ukizama ni hadi ekseli. Hapo kukata kuna faida gani?

#29 MwlFizikia
Kuna fikra moja niirekebishe kabla hatujaendelea. Ukubwa wa eneo linalogusa ardhi unaamuliwa zaidi na uzito na upepo kuliko upana. Gurudumu likibeba kilo 150 na upepo ukiwa psi 29, ambayo ni kama kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, eneo ni kama sentimita za mraba 75, liwe tairi la 3.00 au la 110. Kinachobadilika ni umbo: jembamba linagusa kwa alama ndefu, pana kwa alama fupi iliyotanuka. Faida ya pana inakuja kwa sababu linakuruhusu kushusha upepo bila ringi kugonga mawe. Ukifunga pana kisha ukalijaza upepo uleule, kuelea hakuongezeki kwa kiasi unachodhani.

#30 Fundi Spoku
Na wote mmesahau nafasi. Udongo mweusi unanata kwenye tairi na kupanda nalo. Kati ya 3.00 na swingamu kuna nafasi ya tope kupita. Weka 110, nafasi inabaki ya kidole au pungufu. Tope linajaa pale na chini ya madigadi, gurudumu linakwama halizunguki hata ukiweka gia ya kwanza. Nimeona mtu amevua madigadi ya nyuma porini akaifunga kwa kamba juu ya mzigo ili aweze kuendelea.

#31 Mgosi Handeni
Hilo limenipata na mimi. Lakini Kilindi ni udongo mwekundu, unakauka na kudondoka. Wa mbugani sijui.

#32 Mwana Goma
Salamu kutoka Goma. Huku kwetu tope siyo tatizo la kwanza, tatizo ni mawe ya volkano. Nyiragongo ilipasuka 2002 lava ikaingia mjini, ikapasuka tena 2021, na mitaa mingi unapita juu ya mawe meusi yanayokata. Wamotari hapa wengi hawaulizi upana, wanauliza tairi lina PR ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya tabaka za nyuzi zake, kama ni 4PR au 6PR. Pana lenye ukuta laini linachanika ubavuni mapema kuliko jembamba gumu. Kama Mlimba kuna kokoto kali, uangalie hilo.

#33 Nyundo Kumi
Karibu sana ndugu wa Goma. Kokoto zipo, hasa wanapotengeneza barabara. Sikuwahi kuangalia PR.

#34 Kaka Mbezi
Kwenye mzigo naona hakuna aliyemjibu mleta uzi. Pana linabeba zaidi, hilo ni kweli au siyo?

#35 DadaWaBoxer
Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi, wala halihitaji kubishana. Baada ya saizi kuna namba na herufi. Likiandikwa 50P, 50 ni kilo 190 na P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. 55 ni kilo 218. 60 ni kilo 250. Kwa hiyo 110/90 yenye 60P kweli inabeba zaidi ya 3.00 yenye 50P. Lakini hizo ni kilo za tairi likiwa na upepo wake kamili na limekaa juu ya ringi yake. Spoku, beringi, shokapu na breki hazikuongezewa hata gramu. Tairi litabeba, kisha spoku zitakatika.

#36 JaNandi
Breki umeitaja vizuri. Drumu ni ileile, gurudumu limekuwa kubwa, kwa hiyo nguvu inayofika chini inapungua kwa asilimia zilezile za mwalimu. Ukishuka Nandi Hills na maziwa utaisikia kwenye mguu.

#37 Kijana wa R15
Nyie mnazungumzia mizigo tu, sisi wa mjini tunataka pana kwa ajili ya kona. Yamaha wenyewe walifanya. R15 ya kwanza ilikuwa na 100/80-17 nyuma, ya pili ya mwaka 2011 ikaja na 130/70-17. Kama kiwanda kimefanya, mbona sisi tunakatazwa?

#38 Fundi Spoku
Kwa sababu kiwanda hakikubadilisha tairi peke yake. Ile ya pili ilikuja na ringi pana na swingamu mpya ndefu zaidi. Wewe unabadilisha kimoja kati ya vitatu. Na kwenye kona, tairi pana linataka uilaze pikipiki zaidi kupita kona ileile kwa mwendo uleule, kwa sababu mahali linapogusa panahama kutoka katikati. Ukiona usukani umekuwa mzito kuingia kona, ndiyo hiyo.

#39 Kijana wa R15
Basi nikichukua gurudumu zima la pikipiki ya Pulsar, na ringi yake na habu yake? Pulsar 180 na 220 zina 120/80-17 nyuma. Nikihamishia kwenye Boxer ringi siyo tatizo tena.

#40 Fundi Spoku
Ringi siyo tatizo tena, yote mengine ndiyo matatizo. Pima kipenyo cha ekseli, urefu wa habu, mahali spoketi inapokaa, na fimbo ya kushikilia breki. 220 ina diski nyuma, Boxer haina mahali pa kufungia. Linawezekana kwa fundi wa kuchonga washa kwenye leti (mashine ya kuchongea chuma), siyo kwa fundi wa nyundo. Na spoketi ya gurudumu isipolingana mstari na ya injini, cheni inakula meno upande mmoja na siku moja inaruka. Cheni ikiruka na kukaba gurudumu unajua kinachofuata.

#41 Kaka Mbezi
Kijana wa R15 hebu tuwe wa kweli, wewe kona zako ni za Mlimani City kuingia maegesho.

#42 Kijana wa R15
Haha Kaka Mbezi, kona ni kona.

#43 Pwani Tele
Trafiki je? Kuna anayesimamishwa kwa tairi?

#44 DadaWaBoxer
Mimi nimeona wakisimamisha kwa vipara, si kwa upana. Ila sheria yetu ya usalama barabarani ya 1973 inataka chombo kiwe salama barabarani, na ukipata ajali mtu wa bima atatazama kila kitu kilichobadilishwa. Kwa anayebeba abiria wa kulipa, hilo nalichukulia kwa uzito. Mtu akiumia nyuma yako, huwezi kumwambia lilikuwa linapendeza.

#45 MwlFizikia
Nyundo, kwa ringi yako ya 1.85 tazama 90/90-17. Kipenyo ni 594, milimita 10 tu zaidi ya ulilonalo, kwa hiyo gia, stendi na breki hazisikii tofauti. Kwa namba za ubavuni unapata milimita 14 za upana, ingawa juu ya 1.85 zitapungua kidogo.

#46 Mzee wa DT
Kwa mbuga mimi ningechukua 3.50-17 ya meno marefu, 6PR. Kipenyo ni kama 610, anapata kimo cha kupita mitaro, na ringi yake inaikubali. 90/90 nyingi zinazouzwa ni za lami, mifereji yake ni midogo, itajaa tope mara moja.

#47 MwlFizikia
Mzee hiyo inampandisha milimita 13 na kumwongezea asilimia 4 kwenye gia. Na magunia?

#48 Mzee wa DT
Ateremshe jino moja mbele. Milimita 13 hazijamwangusha mtu maziwa.

#49 JaNandi
Mzee, hayo maziwa ni yangu sasa! Hata 13 nitapima stendi kwanza.

#50 Mgosi Handeni
Mimi bado naona 2.15 na 110/90 ndiyo dawa. Atafute ringi kama yangu, zipo za kutumika Morogoro mjini.

#51 Fundi Spoku
Ringi ya kutumika izungushwe kwanza juu ya ekseli na kitu kikiwa kimesimama karibu na ukingo wake. Ikicheza zaidi ya milimita 2 pembeni, iache hukohuko. Na kwa udongo wa mbugani bado napinga 110 hata juu ya 2.15. Ringi ni nzuri, nafasi ya tope hakuna.

#52 Nyundo Kumi
Nimepima jioni hii. Kati ya tairi langu la sasa na swingamu upande wa cheni kuna milimita 21, na cheni iko karibu mwisho wa marekebisho.

#53 Fundi Spoku
Cheni ikiwa mwisho wa marekebisho, gurudumu liko nyuma kabisa, na hapo swingamu imepanuka. Ukifunga cheni mpya gurudumu linarudi mbele na hiyo 21 inapungua. Sogeza gurudumu hadi mbele kabisa, upime tena. Kisha pima na upande wa fimbo ya breki, wengi wanaishia upande wa cheni tu.